Mgongo wa Mgema

Mtu akikuambia mume wake hanywi pombe, usimbishie. Muulize tu anafanya kazi gani. Katika miaka sita ya ndoa hakuna aliyemuuliza Ikupa hivyo. Angeulizwa, angejibu kifua mbele: mume wangu Crispin hanywi, ni mzee wa kanisa, hata chai anakunywa bila sukari, na kazi yake ni kugema ulanzi, pombe ya mianzi.

Kule juu ya Mafinga jibu hilo lisingemshangaza mtu. Kugema ni kazi, kunywa ni tabia, na mtu anaweza kuwa na la kwanza asiwe na la pili. Msimu wa mvua mgema huamka jogoo la pili, akapita kichaka kwa kichaka, akachonga ncha ya chipukizi la mwanzi, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, ili utomvu utiririke upya. Kisha hushusha mbeta, kile kipande cha mwanzi kilichokinga utomvu usiku kucha, akaonja funda moja. Ukiwa mtamu bado, huo ni mtogwa, unakwenda kwenye ndoo ya kina mama na watoto. Ukianza kuuma ulimi, unakwenda kwenye ndoo ya kilabuni. Jioni anarudia vilevile. Na kuonja si kunywa. Nani amewahi kumwita mpishi mlafi kwa sababu ameonja mchuzi?

Crispin alikuwa na vichaka sitini na nane, alivyoachiwa na baba yake, aliyeachiwa na babu.

Asubuhi moja ya Januari Ikupa alimfuata shambani na ndoo mbili, mtoto wao Mercy akiwa mgongoni. Akamkuta mumewe amepiga magoti na viganja kwenye majani mabichi, anatazama ardhi.

"Baba Mercy, umedondosha nini?"

"Mgongo," akasema Crispin, bila kuinua kichwa.

Ikupa alicheka. Kisha akaona jasho linavyomtiririka kwenye ukungu ule wa baridi, akaacha kucheka. Ilibidi amwinue kama anavyoinuliwa mtoto anayejifunza kusimama, amshike kwapani, "taratibu, taratibu," huku Mercy mgongoni akipiga kelele za furaha akidhani ni mchezo.

Mgongo wenyewe haukuwa mgeni. Ulikuwa umeanza miaka miwili nyuma, ukawa unapiga hodi na kuondoka, mpaka ukahamia kabisa. Maumivu yalianzia kiunoni yakashuka mguu wa kushoto hadi kidoleni, kama mtu anapitisha waya wa moto. Zahanati walimpa vidonge vya maumivu. Wazee walimwagiza Ikupa amkande kwa maji ya moto. Wote walisema neno moja: ni kazi, mgema gani hana mgongo? Na kwa kuwa alikuwa anaumwa mgongo, hakuna aliyejali kwamba anamaliza mtungi wa maji peke yake, wala kwamba amekonda hadi mkanda umeongezwa matundu kwa msumari.

Ikupa ndiye aliyeona sisimizi. Walijipanga nyuma ya nyumba, pale Crispin alipozoea kukojoa usiku anapoona choo kiko mbali. Akamwita Shangazi Esnath, dada wa marehemu baba mkwe wake, aje aone.

Shangazi akainama, akaguna kwa kuridhika. "Utamu wa mianzi huo unatoka, mkwe wangu. Kaka yangu naye alikuwa hivyohivyo. Hiyo ndiyo alama ya mgema wa kweli."

"Na kaka yako alikufa na nini, Shangazi?"

"Mgongo," akasema Shangazi, na safari hii hakuguna.

Jambo lenyewe halikuwa la mgongo tu. Babu yao alikuwa ameweka sharti, ukoo mzima ukalishika. Siku ya kwanza ya msimu, mwenye shamba la mianzi anakata ncha za vichaka vyote kwa mkono wake mwenyewe, kabla jua halijapinda. Akishindwa, kisu anapewa ndugu anayefuata, na shamba linakwenda na kisu. Mianzi isiyokatwa kwa wakati huota ovyo ikafa, na babu hakutaka shamba life kwa sababu ya kumwonea mtu haya. Desemba iliyopita Crispin aliishia kichaka cha thelathini na moja. Vilivyobaki alivikata mdogo wake, Fred. Shangazi Esnath, mtunza kisu, akaamua mbele ya watu: "Mwaka huu tuseme ni mkosi. Mwakani litakuwa ni jibu."

Fred hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa parachichi tu. Alikuwa na miche mia mbili kwenye kitalu, na kila alipopita shamba la kaka yake macho yake yalikuwa yanang'oa mianzi. "Shemeji," alimwambia Ikupa, "mimi simwombei mabaya. Lakini huyu bwana hawezi kuinama afunge kamba za viatu. Ataweza vichaka sitini na nane?"

Usiku ule Ikupa hakubishana na mtu. Asubuhi alifunga nguo tatu na kanga mbili kwenye mfuko, akasema: "Tunakwenda kwetu."

"Kwenu kufanya nini?"

"Mbeya kuna daktari wa mifupa. Mama yangu ana kitanda, na mimi nina miguu. Wewe njoo na mgongo."

Crispin alisimama kwenye basi kutoka Mafinga hadi Uyole, tiketi ya kiti ikiwa mkononi. Kukaa kulimuua. Abiria walimwambia akae, kondakta akamfokea akae, yeye akawa anasema, "Asanteni, nimekaa sana nyumbani." Walipofika Chimala aliuma ukosi wa shati ili asilie mbele za watu. Ikupa alikiangalia kiti kitupu pembeni yake, akaweka mfuko wa nguo juu yake, ili kisionekane kitupu hivyo.

Daktari aliitwa Nusrat, mama mfupi mwenye mtandio wa bluu. Babu yake alikuja Mbeya na duka la vitambaa kutoka pwani, na ingawa yeye alizaliwa na kukulia kwenye baridi ya Mbeya, lafudhi ya pwani ilikuwa haijamtoka. Alimpiga Crispin goti kwa kinyundo, akamwinua mguu, akampeleka kwenye picha, akamtoa damu. Kesho yake akawaita.

"Sukari unatumia?" akauliza.

"Situmii, daktari. Hata kwenye chai."

"Soda?"

"Krismasi."

"Pombe?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

Daktari akaitazama karatasi, akamtazama Crispin, akairudia karatasi. "Basi damu yako inakuficha jambo. Sukari kumi na saba, na tangu jana jioni hujala. Na kipimo hiki kingine, kinachotoa habari za miezi mitatu, kinasema si ya jana wala juzi. Hebu niambie siku yako, tangu unapofumbua macho."

Crispin akaeleza. Alieleza vizuri, maana aliipenda kazi yake: kisu, ganda la kitunguu, mbeta, funda, ndoo.

"Hilo funda unalitema?"

Crispin alishtuka kama aliyeambiwa achome Biblia. "Nitemeje? Ulanzi hautemwi!"

"Moja kila kichaka?"

"Moja. Mara nyingine la pili, la kuhakikisha."

"Vichaka vingapi?"

"Sitini na nane."

"Asubuhi."

"Na jioni," akamalizia Crispin, sauti ikianza kushuka.

Daktari akatoa kikombe cha dawa chenye mistari na glasi ya maji. "Nionjee haya maji kama unavyoonja ulanzi, lakini lirudishe funda humu." Crispin akafanya. Daktari akainua kikombe kwenye mwanga, akapiga hesabu pembeni ya karatasi. "Baba, wewe unaonja lita nne kwa siku. Za utamu. Msimu mzima."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

"Kumbe ndiyo maana," akasema Ikupa polepole, "ukitoka shambani unarudi unaimba."

"Zilikuwa nyimbo za kanisa!"

"Nyimbo zilikuwa za kanisa, Baba Mercy. Sauti ilikuwa ya kilabuni."

Daktari Nusrat alishika mdomo kwa mtandio, mabega yakamcheza. Hata Crispin akacheka, akajishika kiuno, kicheko kikageuka maumivu. Daktari akaacha mzaha, akageuza kompyuta wamuone Crispin kwa ndani.

"Hizi ni pingili zako, kama za mwanzi. Lakini kati ya pingili na pingili pana kitu ambacho mwanzi hauna. Hizi ni diski. Kila moja ni kama godoro dogo lenye maji. Zenye maji zinang'aa, mnaziona? Sasa tazameni hizi mbili za chini. Nyeusi. Zimekauka, zimebonyea, na hii moja imetokeza nyuma, inabana mshipa wa fahamu. Huo ndio waya wako wa moto."

"Ni kuinama," akasema Crispin.

"Kuinama kumo, na umri umo, na wengine wanazaliwa na diski dhaifu. Lakini sukari nayo imo, baba, na huwezi kuiruka. Godoro hili halina mshipa wake wa damu. Linakula kwa jirani: mfupa wa juu na mfupa wa chini ina mishipa myembamba kuliko unywele, na unapotembea na kujinyoosha, chakula kinapenya kidogo kidogo. Sukari ikizidi mwaka hadi mwaka, ile mishipa inaharibika, na godoro linashinda njaa. Halafu sukari yenyewe inagandia zile nyuzi, zinakakamaa, maji yanakimbia. Ndiyo maana wenye kisukari tunawaona migongo yao inachakaa mapema. Godoro lina njaa, limekauka, na wewe unalibebesha ndoo."

Ikupa alilitazama lile doa jeusi. Alikuwa amelikanda kwa maji ya moto miaka miwili, kwa mikono yake, kumbe njaa yenyewe ilikuwa ikiingia kwa mdomo.

"Basi nipasue," akasema Crispin. "Nipasue wiki hii. Desemba lazima nikate."

"Sikupasui. Kidonda kwenye sukari kama hii hakifungi vizuri, na migongo mingi ya namna hii hutulia bila kisu. Shusha sukari. Jifunze kutembea upya. Mwezi wa saba urudi, ndipo tuamue. Mguu ukilegea, au haja ikikutoka bila kujua, usingoje, njoo siku hiyohiyo." Kisha akasema kwa upole: "Sikudanganyi, diski iliyochakaa hairudi kuwa ya kijana. Ila mtu anaweza kuishi nayo vizuri sana, ikilishwa."

Chumba cha pili alikuwako Saida, mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mwenye mikono kama ya mkata kuni. Huyo ndiye aliyemlaza Crispin kifudifudi kwenye mkeka na kumfundisha kuinua kifua kwa mikono huku kiuno kikibaki chini, mara kumi, polepole, hadi waya wa moto unaporudi nyuma, kutoka kidoleni hadi gotini, kutoka gotini hadi kiunoni. Na huyo ndiye aliyemwambia: "Kuanzia leo hukunji mgongo. Ukitaka kitu cha chini, piga goti moja, mgongo wima, kama unamsalimia mama mkwe."

"Kwetu wanaopiga goti ni wanawake," akasema Crispin.

"Ndiyo maana mkeo anatembea na wewe umepinda," akasema Saida.

Wakarudi nyumbani Mufindi na vidonge, mkeka, na vita.

Kwanza ilikuwa vita ya sahani. Mlima wa ugali ukawa kichuguu, maharage na majani yakajaa palipobaki. Pili vita ya vidonge, vilivyomvuruga tumbo wiki za mwanzo. Siku moja Ikupa akavikuta kumi na mbili vimefichwa kwenye kopo la misumari. Hakupiga kelele. Jioni alikiweka kidonge kimoja kando ya sahani ya mumewe, akaketi mbele yake na Mercy mapajani, akawa anamtazama. Chakula kikapoa. Crispin akatazama dari, akatazama mlango, akamtazama mtoto, aliyekuwa anajaribu kula kidole cha mama yake. Akameza.

"Hujasema neno," akalalamika.

"Ningesema ungebishana."

Lakini vita kubwa ilikuwa ya funda. Msimu ulikuwa bado haujaisha, na mgema asiyeonja atajuaje mbeta ipi ni ya ndoo ipi? Crispin akaanza kuonja na kutema. Siku ya tatu mtu alimwona, siku ya nne kilabu kizima kilijua.

"Kamwene, wanyalukolo, ndugu zangu!" akasalimia mmoja Crispin alipoingia na ndoo. "Jamaa anautema ulanzi wake mwenyewe, halafu anatuletea sisi tumeze!"

"Labda kauwekea kitu."

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu kalitia mate!"

Wakarudisha ndoo. Crispin akarudi nyumbani nayo imejaa, akaiweka mlangoni, akaketi chini kwa goti moja kama alivyofundishwa, hata kwenye aibu yake akikumbuka mgongo. "Basi," akasema. "Fred aje na miche yake."

Kesho yake Ikupa alikwenda shambani peke yake, alfajiri, Mercy mgongoni. Hakujua anakwenda kufanya nini. Yeye ni Mnyakyusa, kwao ni ndizi na chai. Ulanzi ulimfika ukubwani, na mashemeji zake hawakuacha kumkumbusha. Alishusha mbeta ya kwanza, akaisogeza pembeni ya uso ili isimwagikie mtoto. Hapo akasikia. Ndani ya mbeta kulikuwa na sauti ndogo, kama mafuta yanayopoa, kama mvua ya mbali kwenye mabati. Akashusha ya pili. Kimya. Akarudi ya kwanza: inasema. Ya tatu: inasema kwa nguvu, karibu imrushie povu sikioni.

Akachovya kidole kwenye ile iliyonyamaza, akalamba. Tamu tupu. Akachovya kwenye inayosema. Ikamng'ata ulimi.

Alikimbia. Mtoto mgongoni akiruka juu chini, kanga ikilegea, alikimbia hadi kitandani kwa mumewe. "Baba Mercy, amka! Inachacha kwa sauti! Huna haja ya ulimi, una masikio!"

Shangazi Esnath alipoambiwa alipeleka mkono sikioni. "Babu yenu uzeeni ulimi wake ulikufa kwa ugonjwa," akasema. "Nilikuwa namwona ameweka mbeta sikioni. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani anaongea na mizimu."

Kilabu hakikushindwa kwa maneno. Crispin akawaambia wapange mbeta kumi mezani, wao waonje, yeye asikilize, na macho yake wayafunge kwa kitambaa. Akapata kumi kati ya kumi. Aliyesema habari ya mate akaomba ndoo ya kwanza.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imeganda kwenye majani kama chumvi, walirudi Mbeya. Crispin alikaa kwenye kiti kutoka Mafinga hadi Igawa, akasimama kidogo, akakaa tena. Kipimo cha miezi mitatu, kilichokuwa kumi na mbili, kilikuwa saba na nukta nne. Daktari Nusrat alimwinua mguu, ukaenda juu.

"Kisu changu hakina kazi hapa," akasema.

"Na cha babu yangu?" akauliza Crispin.

"Hicho sikijui. Lakini usikate kama shujaa. Kata kama mtu mwenye mgongo."

Mvua ya kwanza iliwahi. Jumamosi ya pili ya Desemba ukoo ukakusanyika ukingoni mwa shamba, na nusu ya kijiji nyuma yao, maana habari za mgema anayesikiliza zilikuwa zimefika mbali. Shangazi Esnath alikaa kwenye kigoda, kisu cha babu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Fred alisimama kando, mikono mfukoni, amevaa buti za shambani. Buti zile zilimkata Ikupa maini. Mtu havai buti za shambani kuja kutazama.

Crispin akapokea kisu. Akaenda kichaka cha kwanza, akapiga goti.

"Aa! Anaipigia mianzi magoti!" mtu akasema, watu wakacheka. "Shikamoo, mwanzi!"

"Marahaba!" akajibu mwingine kwa sauti ya kike, kicheko kikazidi.

Crispin alikata, akainuka kwa nguvu za paja, akaenda cha pili. Goti, mgongo wima, kata, inuka. Hakukimbia. Kufikia kichaka cha kumi walikuwa wamechoka kucheka. Kufikia cha thelathini na moja, pale alipoangukia mwaka jana, watu wa nyuma walikuwa wamesogea mbele. Akakata. Akapita. Ikupa akagundua kwamba ameshikilia miguu miwili ya Mercy kwa nguvu mno, akailegeza.

Kichaka cha arobaini na tisa kilipokwisha kukatwa, aliona bega la kushoto la mumewe linashuka. Alilijua bega lile. Crispin akainuka nusu, akasimama, akashika mwanzi. Uso ukawa wa majivu. Jua lilikuwa limebakiza kama vidole vinne kufika utosini.

Fred akatoa mikono mfukoni.

Ndipo Crispin akalala chini. Kifudifudi, kwenye tope na majani, paji la uso likigusa ardhi.

"Mama yangu!" akapiga yowe mwanamke mmoja. "Amekufa!" Wengine wakadaka kilio, watu wakaanza kukimbilia. Ikupa akawatangulia. Alisimama mbele ya mumewe, mikono ameitanua, mtoto akichungulia juu ya bega.

"Asimguse mtu!" Sauti ilimtoka ambayo hata yeye hakuijua. "Hajafa! Hiyo ndiyo dawa yake! Rudini nyuma, mwacheni apumue!"

"Shemeji, amelala," akasema Fred. Hakusema kwa ubaya, alisema kama anayesoma kipimo. "Aliyelala ameshindwa."

"Shangazi!" Ikupa akageuka. "Sharti linasemaje? Linasema asilale?"

Kijiji kizima kikamtazama mwanamke mzee kwenye kigoda. Shangazi Esnath akakuna kidevu. "Babu alisema mkono wake mwenyewe, na kabla jua halijapinda." Akanyoosha shingo. "Kisu kiko wapi?"

Kilikuwa mkononi mwa Crispin, ngumi imekifumbata kwenye tope.

"Basi habari ya kulala babu hakuisema. Angelala, angekaa, angeimba, ni shauri yake. Jua bado linapanda. Mwacheni."

Na chini pale Crispin akaanza kujiinua. Mikono ikanyooka, kifua kikapanda, kiuno kikabaki ardhini. Akashuka. Akapanda. Ikupa akahesabu kwa sauti, kama walivyohesabu kila asubuhi kwenye mkeka miezi kumi: "Mbili. Tatu. Pumua. Nne." Kwenye ya saba aliona kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kinalegea. Kwenye ya kumi Crispin aligeuza uso, tope puani, akasema kwa sauti ya chini ambayo mkewe peke yake aliisikia: "Umerudi kiunoni."

"Basi inuka, mgema."

Akainuka. Kwa goti, kisha paja, kisha mtu mzima. Akajipangusa mdomo na kwenda kichaka cha hamsini.

Mtu fulani nyuma akaanza kuhesabu naye. "Hamsini!" Kisha wawili, kisha kumi. "Hamsini na moja! Hamsini na mbili!" Wale waliosalimia mianzi sasa walikuwa wanamfagilia njia, wanashika majani yasimpige usoni. Hakuna aliyegusa chipukizi, kila mtu alijua sharti. Sitini. Sitini na moja. Jua likabakiza vidole viwili, kimoja na nusu. Crispin hakulitazama. Goti, kata, inuka. Matone ya mvua yakaanza kudondoka huku jua linawaka, na wala hakuna aliyetafuta pa kujificha.

"Sitini na sita!"

"Sitini na saba!"

Kichaka cha mwisho kilikuwa na machipukizi matano. Crispin akapiga goti la kulia. La kwanza. La pili. La tatu. La nne. Kwenye la tano kisu kiliteleza kwa maji, watu wakavuta pumzi kwa pamoja, naye akakipangusa kwenye suruali bila haraka yoyote, akakata.

Kwa nukta moja hakuna aliyesema namba. Kisha sauti moja nene ikatoka kandokando, ya mtu aliyevaa buti:

"Sitini na nane!" Ilikuwa ya Fred. Na kwa kuwa aliisema mara moja na mbingu haikuanguka, akairudia, mikono juu, akimkimbilia kaka yake kwenye tope: "Sitini na nane, wanyalukolo! Ndugu yangu amekata sitini na nane!"

Vigelegele vikapanda mlima mzima. Shangazi Esnath alisimama kwenye kigoda chake kama msichana, anapunga kile kitambaa cheupe. Ikupa alipiga vigelegele vya kwao, virefu vya Kinyakyusa, bila kujali nani atamcheka, na hakucheka mtu. Crispin alikuja kwake anatembea wima, mvua ikimwosha tope usoni. Akageuka, akachuchumaa kwa magoti, mgongo wima kama mkuki.

"Nifungie mtoto," akasema.

"Wewe una wazimu? Daktari alisema—"

"Daktari alisema diski inakula nikitembea. Mercy ana kilo kumi na moja. Nilimuuliza Saida mwezi wa saba, akaniruhusu, nikakuficha." Akapapasa nyuma kwa mikono yake. "Nifungie, Mama Mercy. Mpaka nyumbani tu."

Ikupa alifungua kanga. Akamweka mtoto kwenye ule mgongo, akaifunga kwa mafundo mawili kifuani mwa mwanamume mbele ya ukoo mzima, na Crispin akainuka.